Tangi Tupu la Saw Imm

Tone la kwanza lilidondokea hariri ya bibi harusi. Nilikuwa nimeinamia cherehani, nashona mkono wa gauni la binti mmoja wa mtaa wa Jelutong, mara nikaona doa la ukubwa wa sarafu likitanuka kwenye kitambaa. Nikainua uso. Dari lilikuwa limevimba kama tumbo la mjamzito, na tone la pili lilikuwa linajikusanya pale katikati.

Hata viatu sikuvaa. Niliisukuma meza pembeni, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tisa, nikaugonga mlango wa jirani kwa kiganja.

"Seng! Mnaoga au mnaosha meli humo ndani?"

Aliyefungua hakuwa Seng, alikuwa mkewe, Saw Imm. Suruali ameikunja hadi magotini, mikono imelowa hadi viwikoni, na nyuma yake sakafu yote ya sebule inang'aa maji. Mumewe alikuwa amepiga magoti karibu na tangi la samaki, anakausha kwa taulo za kinyozi, zile nyeupe za dukani kwake.

"Nisamehe, mdogo wangu Rokiah," alisema Saw Imm. "Mpira uliponyoka. Gauni la mtu limelowa?"

"Tone moja."

"Basi hayo ya kwanza ni maji safi, yatakauka bila alama. Lakini kama kuna jingine linakuja, wahi uweke ndoo. Hayo yametoka kwenye kokoto."

Nikashuka mbio, nikaweka ndoo, nikalikinga lile gauni kwa shuka, nikapanda tena. Hasira zilikuwa zimeshaanza kuniisha, kwa sababu nilitaka kuona. Sebuleni palikuwa na ndoo tano zimejaa kokoto za rangi, nyekundu, buluu na njano, zile ambazo Seng alikuwa akijivunia kwa kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake. Saw Imm akachota konzi moja akanisogezea puani.

"Nusa."

Nilirudi nyuma hatua mbili. Zilinuka yai viza. Uji mweusi ulimchuruzika katikati ya vidole.

"Miezi minne," alisema, "miezi minne tumewalaza viumbe wa watu juu ya choo."

Seng aliiacha taulo chini. Alikuwa anazitazama ndoo zile kama mtu anayetazama vyombo vyake vikitolewa nje.

Mwanamke huyu alikuwa na miaka hamsini na minane, na mwaka mmoja kabla ya siku hiyo alikuwa ameapa kwamba hatahangaika tena na maji ya mtu yeyote. Alikuwa na haki ya kuapa. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye mtambo wa maji, kule juu Air Itam ambako mto unashuka kutoka mlimani. Kazi yake ilikuwa kuchukua sampuli. Kila asubuhi alitoka na sanduku la chupa, akazunguka kisiwa: bomba la hospitali, bomba la shule, la msikiti, la hekalu, la soko la samaki. Aliunguza mdomo wa bomba kwa moto mdogo, akayaacha maji yamwagike kidogo, akajaza chupa, akaiandika. Nyingine aliitia kidonge palepale, akasubiri maji yageuke rangi ya waridi ili ajue dawa ya kuulia vijidudu imefika hadi mwisho wa bomba. Kwa kifupi, alilipwa kutafuta kitu huku akiomba asikipate. Watu wa kisiwa kizima walikunywa, wakaoga, wakapika wali, na hakuna aliyejua jina lake. Siku moja mwuza tambi wa Jalan Pasar alimwuliza kama zile chupa ni za kuuza. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Alisema anataka kulala hadi jua litoke, aende hekaluni kwa Kuan Yin, mungu wao wa kike wa huruma, tarehe moja na tarehe kumi na tano za mwezi mwandamo, na asione tena chupa ya sampuli hadi kufa kwake.

Aliyeharibu mpango huo ni mumewe. Seng alikuwa kinyozi, na kama vinyozi wote duniani, mdomo wake ulifanya kazi zaidi ya mkasi. Miongoni mwa wateja wake wa miaka mingi alikuwepo mzee mmoja wa Balik Pulau, ng'ambo ya mlima, aitwaye Kang Boon Liat, mfugaji wa samaki wa diskasi. Mzee Liat alivunjika nyonga, akalazwa wiki tisa, na kila wiki Seng alikwenda wodini kumnyoa ndevu bila kuombwa. Mzee alipotoka, alimpa asante ya samaki sita.

Sikuwahi kuwaona diskasi kwa karibu hadi siku Seng alipowaleta nyumbani. Ni samaki wa duara, bapa kama sahani iliyosimamishwa, na hawana haraka ya kwenda popote. Wekundu wao ni wa kaa la moto lililopulizwa, na juu ya wekundu huo pamepita mistari ya buluu iliyopindapinda kama maandishi ya mtu aliyekuwa na siri nyingi na wino kidogo. Jicho jekundu. Unamtazama, naye anakutazama, na wewe ndiye unayeona haya. Nilianza kupanda na kazi yangu ya kushona vishikizo, nakaa mbele ya tangi lile, na ningeweza kukaa hadi adhuhuri.

Seng aliwajengea kasri. Alimwaga kokoto za rangi kina cha kiganja, akapanda miti ya plastiki, akaweka mnara, daraja, na mzee wa kauri anayevua. Tangi likawa kama hekalu siku ya sikukuu. Chakula chao kilikuwa moyo wa ng'ombe uliosagwa, na hapo ndipo nami nilipoingia kwenye kazi. Wafuasi wa Kuan Yin hawagusi nyama ya ng'ombe, na Saw Imm alisimama mlangoni pa jiko lake na ufagio.

"Huo moyo ukivuka hapa," alimwambia mumewe, "na wewe utaishi na samaki humo ndani ya tangi."

Basi nikasaga mimi. Kila Jumapili nilinunua moyo kwa mchinjaji wetu wa Kiislamu, nikautoa mafuta na mishipa, nikausaga pamoja na uduvi na mchicha, nikaugandisha kwa vipande bapa. Watoto wangu wakipiga simu kutoka Ipoh waliniuliza, "Mama, leo unapika nini?" Nikawa najibu, "Nawapikia Wachina wa juu, wale wasio na miguu."

Wiki mbili walikuwa kama vito. Kisha wakaanza kufifia. Wekundu uliingia weusi, kama kaa linalozimika. Wakajibana wote kwenye kona nyuma ya mnara, vichwa chini, wanahema. Mmoja akafa. Seng akamwaga dawa ya buluu; siku tatu baadaye akamwaga ya njano. Maji yakawa kama sharubati, na samaki wakazidi kuwa weusi.

Saw Imm alikuwa amekataa katakata hata kulitazama tangi. Lakini asubuhi moja alipita na kikombe cha kahawa, akasimama. Mimi nilikuwepo. Aliweka kikombe chini, akafungua kifuniko cha tangi, akainama hadi pua ikaribie maji, akavuta pumzi moja ndefu iliyo taratibu.

"Seng."

"Naam."

"Hawa samaki hawaumwi. Yanayoumwa ni maji."

"Maji yanaumwaje? Mbona ni meupe? Yaani yalikuwa meupe kabla ya dawa."

"Weupe si usafi. Ulinioa mwaka gani, hujajifunza hata hilo?"

Jumapili ile tulikwenda Balik Pulau wote watatu kwenye gari la Seng lisilo na kiyoyozi, tukipanda na kushuka mlima, harufu kali ya matunda ya duriani ikiingia madirishani. Mzee Liat alitupokea kwa fimbo yake, akatupeleka kwenye banda refu la mabati nyuma ya nyumba. Akasukuma mlango.

Sijui nilitarajia nini. Palikuwa na matangi mia mbili, safu juu ya safu, na ndani yake hamkuwa na kitu. Hakuna kokoto, hakuna mti, hata punje ya mchanga hakuna. Kioo, maji, na samaki. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba macho hayakuyaona. Uliwaona samaki tu wamening'inia hewani, wekundu, wa buluu, weupe kama maziwa, wa manjano kama embe bivu, mamia kwa mamia, wametulia, wote wametugeuzia uso. Nilijikuta nashusha sauti kama niko mahali pa ibada. Seng, ambaye hajawahi kushusha sauti popote, alinong'ona.

Wanawake wawili wenye mabuti ya mpira walikuwa wakipita tangi kwa tangi, wakifyonza uchafu kwa mipira ya maji, wakipunguza nusu, wakijaza tena kutoka kwenye mapipa makubwa. Walikuwa wameanza alfajiri. Wangemaliza mchana, na kesho wangeanza tena lile la kwanza.

"Kila siku?" aliuliza Seng.

"Wewe unakula kila siku?" Mzee Liat alimjibu. "Sikiliza, kinyozi. Kwao samaki hawa ni mto mkubwa kuliko nchi hii yote. Maji yanapita usiku na mchana, na hakuna anayehema maji ya jana. Sisi tumewafungia kwenye sanduku. Basi ule mto wao tuulete kwa ndoo, hakuna njia nyingine."

"Na kokoto?"

"Moyo wa ng'ombe ukidondoka kwenye kioo kitupu unauona, unaufyonza. Ukizama kwenye kokoto, umeuzika. Halafu unawalaza samaki makaburini."

"Lakini Mzee, tangi tupu ni baya! Linafanana na bafu."

"Ulilipamba kwa ajili yao au kwa ajili ya wateja wako?"

Seng akakohoa. Saw Imm hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameondoka peke yake, anatembea taratibu kati ya safu zile, anachovya kidole hapa, ananusa pale, anaweka kiganja kwenye pipa kupima joto. Alirudi na swali moja tu.

"Maji ya bomba unayalaza muda gani kabla ya kuwatilia?"

"Mchana na usiku mmoja, shemeji, pampu ya hewa ikitembea ndani yake."

"Inatosha. Joto?"

"Ishirini na tisa."

"Pipa lile la mwisho ni ishirini na saba."

Mzee alikwenda, akatia kipimajoto chake, akakisoma, akakisoma tena. Akamgeukia Seng.

"Miaka ishirini unaninyoa, unaniambia habari za mji mzima, hujawahi kuniambia mkeo anayajua maji."

Kesho yake ndiyo ile siku ya dari langu. Seng alizililia zile kokoto kama watoto wake. Mwishowe walikubaliana: mchanga mweupe mwembamba, kina cha ukucha, upande wa mbele tu, na Saw Imm aukoroge kila anapobadilisha maji. Mnara ulibaki wiki moja. Ule mchanga nao Seng mwenyewe ndiye aliyeuondoa kabla ya mwezi kwisha. Alisema kila akiutazama anaona uchafu, kama wali uliomwagika kwenye kitambaa cha meza, na hawezi kunywa chai kwa raha. Likabaki tangi tupu, na chungu kimoja cha udongo kirefu kama mnara, zawadi ya Mzee Liat, kimesimama katikati.

Ukaanza utaratibu. Pipa la buluu kwenye roshani, pampu ya hewa ikinguruma ndani yake. Kila asubuhi Saw Imm alifyonza sakafu ya kioo, akatoa theluthi ya maji, akarudisha mengine ya pipa kwa joto lilelile, kwa mpira mwembamba, polepole, ili samaki wasishtuke. Maji ya zamani hayakumwagwa ovyo. Yalishuka kwa ndoo hadi kwenye ndimu zangu na pandani za kunukishia wali, pale ukumbini, zikanawiri hadi majirani wakaanza kuniomba majani. Kinyume na kiapo chake alitoa daftari la kazini, akawa anaandika joto na tarehe. Watoto wa ghorofa wakamwita Bibi Bomba. Yeye akacheka.

"Afisa wa Maji amerudi kazini," Seng alimtania.

"Bila mshahara," alisema, "na bosi wenyewe hawana masikio."

Samaki watano waliobaki walitoka kwenye kona siku ya nne. Siku ya kumi wekundu ulirudi. Lilikuwa jambo la kuogofya kidogo kulitazama, kwa sababu hakuna dawa iliyotiwa. Hakikuongezwa kitu. Vilitolewa vitu tu, na uhai ukarudi wenyewe kama mtu aliyekuwa anasubiri nje ya mlango.

Baada ya miezi, wawili wakajitenga. Walikisafisha kile chungu kwa midomo, wakawafukuza wenzao hadi ikabidi wahamishiwe tangi jingine. Kisha jike akapanda ubavuni mwa chungu akiacha mstari wa mayai, dume akafuata. Mayai yale waliyala siku ya pili. Seng aliwatukana kwa Kihokkien, lugha ya Wachina wa kwetu, matusi ambayo hata mimi niliyeishi nao miaka mingi sikuyajua yote. Mara ya pili mayai yakawa meupe, yakaota ukungu. Mara ya tatu yakaingia doa jeusi kila moja, na siku ya tatu yakaanza kutikisika. Yalikuwa yameanguliwa. Juu ya chungu palikuwa na mamia ya mikia, midogo kama nyusi za mtoto, imejishikiza kwa vichwa, inapepea.

Wiki hiyohiyo mvua ikanyesha siku tatu bila kupumzika. Mto ulishuka mwekundu. Roshani ikafurika, pipa la buluu likapasuka upande, na maji yaliyolazwa yote yakaenda barabarani. Saw Imm alikuwa hekaluni, ilikuwa tarehe kumi na tano. Seng aliona maji ya tangi yameanza kuchafuka. Alikuwa amewalisha wazazi kupita kiasi kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeleta moyo uliogandishwa.

"Rokiah, shika hapa," aliniambia, akanipa ncha ya mpira. "Nimeshatoa theluthi. Hatuna pipa leo, tutaweka ya bomba moja kwa moja. Mara moja haiui mtu."

Nilishika. Ninyi msinilaumu, mimi ni fundi cherehani. Alifungua bomba la jikoni, mpira ukakakamaa mkononi mwangu, maji yakija ndani yake, nami nilikuwa naipandisha ncha kwenye ukingo wa tangi pale mlango ulipofunguka. Saw Imm alisimama kizingitini na mwavuli unaodondosha maji. Alinusa.

"Funga bomba!"

"Nini tena?"

"Seng, FUNGA! Rokiah, toa huo mpira, toa!"

Niliuvuta, maji yakanimwagikia mimi kuanzia kifuani hadi miguuni. Hakuna hata tone lililoingia kwenye tangi. Saw Imm alipita katikati yetu na viatu vyake, akakinga maji ya bomba kwenye glasi, akatoa kidonge kutoka droo ya kabati, akakidondosha. Nimeshasimulia juu ya ile rangi ya waridi. Hii haikuwa waridi. Ilikuwa damu.

Seng alikaa kwenye sakafu iliyolowa, mikono kichwani.

"Wenzangu wa mtamboni wameongeza dawa," Saw Imm alisema, sasa kwa utulivu. "Wamefanya vizuri. Mto umejaa tope, wasipoongeza watu wataharisha kisiwa kizima. Mtu akiyanywa hadhuriki. Lakini wale pale…" Alinyoosha kidole kwenye ile mikia inayopepea. "Wale wangeungua kabla hujafunga bomba."

"Sasa tufanyeje? Maji ya zamani yamechafuka, mapya ni sumu."

Alirudi kwenye droo, akatoa kichupa cha kahawia kilichochakaa, kina fuwele nyeupe kama chumvi ya mawe iliyopondwa.

"Unajua hii ni nini, Rokiah? Kila chupa ya sampuli niliyobeba ilikuwa na chembe za hii ndani yake. Inaua dawa ya maji papo hapo. Bila hiyo, dawa ingeendelea kuua vijidudu ndani ya chupa njiani, nami ningefika maabara na maji yanayonidanganya." Akatia chembe chache kwenye ndoo, akakoroga kwa mkono. "Nilikuwa naitumia ili nisimkose kijidudu, nimkamate. Tuone kama inamjua na samaki."

Akatia kidonge kipya kwenye glasi ya maji ya ndoo ile. Tulitazama sote watatu. Maji yakabaki maji.

Alichemsha birika, akachanganya hadi joto likawa lilelile, akapuliza hewa ndani kwa pampu kwa saa nzima, kisha akayatiririsha kwa mpira mwembamba kama uzi. Ilimchukua mchana wote. Sikumsaidia, nilikaa tu na nguo zangu zilizolowa, kwa sababu sikuweza kuondoka.

Siku mbili baadaye, jua likiwa limetoka tu na mvua imekatika, alikuja kunigongea. Alikuwa miguu mitupu.

"Panda. Usiseme kitu."

Seng alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo mbele ya tangi. Nikachuchumaa ubavuni mwake.

Vifaranga walikuwa wameacha chungu. Walikuwa mamia, wamesambaa kama vumbi kwenye mwale wa jua, wanayumba, hawajui wanakwenda wapi. Katika kioo kile kitupu hapakuwa na jiwe la kujificha wala ufa wa kupotelea. Palikuwa na mama yao tu, mkubwa, mwekundu, ametulia. Kisha mmoja akamgusa ubavuni, akabaki hapo. Wa pili akaja. Halafu, kama walioitwa, wote wakageuka, lile vumbi likajikusanya likawa wingu, wingu likamwendea, likamtanda mwili mzima, pande zote mbili, kutoka paji la uso hadi mkiani. Wakaanza kumdonoa.

"Wanakula nini?" nilinong'ona.

"Yeye," alisema Saw Imm. "Ngozi yake inatoa ute. Mzee Liat aliniambia, sikumwamini. Nilidhani ni maneno ya wazee wa samaki."

"Inamuuma?"

"Sijui. Tazama, hakimbii."

Hakukimbia. Alisimama wima ndani ya maji yasiyoonekana, akiliwa na watoto wake, jicho lake jekundu limetulia. Zikapita kama dakika kumi. Ndipo dume likaja polepole, likajisogeza ubavu kwa ubavu naye, karibu kugusana. Jike akatikisa mwili mara moja, mtikiso mfupi, kama mwanamke anavyokung'uta khanga, na wingu lote likamtoka, likavuka, likatua juu ya baba. Yeye akasogea pembeni kupumzika. Hakuna hata kifaranga mmoja aliyepotea njiani.

"Subhanallah," nilisema, ingawa niliambiwa nisiseme kitu.

Saw Imm alikuwa amekutanisha viganja kifuani, vile afanyavyo hekaluni. Machozi yalikuwa yanamshuka naye hayafuti.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "nilikuwa nainua chupa kwenye mwanga kuona kama kuna kitu. Nikikuta hakuna nilifurahi, nikaenda nyumbani." Akakitazama kioo. "Nilifurahi kwamba hakuna."

Seng aliunyoosha mkono wake, akashika ncha ya shati la mkewe, akaishika vivyo hivyo kama mtoto sokoni. Tulikaa hadi mchana. Wateja wake walikuta duka limefungwa.

Siku kumi na mbili walikula juu ya wazazi. Mbavu za wale samaki zikachubuka, zikapauka, na Saw Imm akawa anabadilisha maji asubuhi na jioni. Alifyonza sakafu ile ya kioo kwa kijibomba chembamba cha pampu ya hewa, akifunga pumzi ili asimvute kifaranga. Akimvuta, alimtafuta kwenye ndoo kwa kijiko cha chai hadi ampate. Wengi walikufa hata hivyo. Sabini na wanne waliishi. Wazazi wakatengwa wapone, nao wakapona.

Mzee Liat alikuja mwenyewe, akapanda kwa lifti na fimbo yake, akasimama mbele ya tangi muda mrefu.

"Bandani kwangu," alisema, "mzao wa kwanza hatufikishi idadi hii. Shemeji, njoo unitazamie maji."

"Nimestaafu, Mzee."

"Nimesikia. Njoo Jumanne na Ijumaa."

Akaenda Jumanne na Ijumaa. Seng alimpeleka kwa gari na kumnyoa mzee palepale bandani, akimsimulia habari za mji huku mkewe akipita kati ya matangi mia mbili na daftari lake.

Vifaranga walikuwa bado wembamba kama samaki yeyote, kama njiti za kibiriti zenye macho. Asubuhi moja ya wiki ya saba, nikiwa nimepanda na vishikizo vyangu, mmoja wao aligeuka mbele ya dirisha, mwanga ukampiga ubavuni. Alikuwa duara. Duara kamili, la ukubwa wa kishikizo cha shati.

"Dada Imm!" niliita. "Njoo uone huyu!"

Alikuja akijifuta mikono, akainama. Nyuma ya yule wa kwanza mwingine aligeuka, na mwingine.

"Ah," alisema kwa sauti ndogo sana, akavuta kiti, akakaa.